Kasha la vitabu vinne: kisa cha mwalimu wa Katuba

Agosti 2022 mwalimu mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, alinijia na vitabu vinne ndani ya mfuko wa plastiki, akavisimamisha mezani, akasema: "Nataka vikae nyumba moja." Vyote ni vyake: hadithi nne za vijana, kwa Kiswahili, alizozitoa kwa makuta, yaani fedha, yake mwenyewe kuanzia 2017. Mimi ndiye niliyempangia kurasa za kile cha tatu na cha nne. Kazi aliyoitaka ilionekana ndogo: tutengeneze makasha 100 ya kadibodi, yaliyo wazi upande mmoja, kila kasha libebe mfululizo mzima, tuyauze kabla ya Bonana, watu wanapotafuta zawadi za mwaka mpya. Tulimaliza Machi ya mwaka uliofuata, na hatukumaliza vizuri sana. Nakiandika kisa hiki kwa sababu waandishi wanaojichapishia vitabu vyao hapa mjini wameanza kuniuliza habari za makasha, nami nimechoka kueleza nusu nusu barabarani.

Tuanze na vile vitabu pale mezani. Ukivitazama kimoja kimoja, huoni kasoro. Vikisimama bega kwa bega, zote zinajitokeza. Cha kwanza kilikuwa na urefu wa milimita 208. Cha pili na cha nne 210, ambayo ndiyo A5 kamili. Cha tatu 205, kwa sababu mpiga chapa alikikata upya kuondoa ukingo uliochafuka wino. Buluu ya majalada ilikuwa buluu nne mbalimbali. Ila kilichonichekesha kwanza, kisha kikaninyima usingizi, ni migongo. Vitabu vitatu vilichapwa hapa mjini, na kwa desturi ya Kifaransa jina la mgongoni linapanda kutoka chini kwenda juu. Kile cha tatu kilichapwa ng'ambo ya Kasumbalesa, mji wetu wa mpakani, upande wa Zambia, maana mwaka ule bei yao ilikuwa nafuu. Kule wanafuata desturi ya Kiingereza, na jina linashuka kutoka juu kwenda chini. Hakuna aliyewaambia vingine, na kitabu kikiwa peke yake hakuna anayegundua. Vikiwa vinne ndani ya kasha, msomaji anainamisha kichwa kushoto mara mbili, kulia mara moja, kisha kushoto tena.

Kasha linaonyesha migongo tu. Miaka mitano mwalimu alilipia michoro ya mbele, mimi nikamsifia michoro hiyo, na siku ya kasha yote ikafichwa.

Urefu ulirekebishika. Tulivipeleka kwenye mashine ya kukatia, vyote vikawa 205, tukakata upande wa juu, kwa kuwa chini namba za kurasa za kitabu cha pili zilikuwa zimekaribia ukingo mno. Migongo haikurekebishika. Gundi ya moto ikishashika, kuvua jalada ni kurarua ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Tuliacha hivyo hivyo. Baadaye wanunuzi watatu waliuliza kama kitabu cha tatu kimewekwa kimakosa. Mmoja alikichomoa, akakirudisha kichwa chini miguu juu, jina likapanda kama wenzake, akaondoka ameridhika.

Swali langu la pili lilikuwa: vimebaki vingapi? Cha kwanza vilichapwa 500, vilibaki 31. Cha pili 300, vilibaki 118. Cha tatu 300, vilibaki 163. Cha nne, kilichotoka Mei, 300, vilibaki 240. Aliyewahi kutoa mfululizo anazijua namba za namna hii bila kuambiwa. Kitabu cha kwanza hubeba wasomaji wengi, na kila kinachofuata kinaachwa na wachache njiani. Hesabu ya mwalimu ilikuwa kwamba kasha litamtolea vile vya tatu na vya nne vilivyojaa chumbani. Lakini kasha halichagui. Linadai kimoja cha kila aina. Makasha 100 yanadai vitabu vya kwanza 100, na tulikuwa na 31. Kwa hiyo, ili auze vitabu ambavyo havijauzika, ilimbidi achape upya kile ambacho kilishauzika.

Nilimshauri aanze na makasha 31. Hakutaka, akisema kwamba fundi hatajisumbua kwa 31, na kwamba Bonana ni moja tu kwa mwaka. Sikusisitiza, na hapo nilikosea. Kitabu cha kwanza tulikichapa nakala 100 kwenye imprimeri ndogo inayotumia mashine ya wino wa unga. Mashine kubwa ya ofseti inakutoza sana mwanzoni, kwa ajili ya sahani za chapa na matayarisho, kisha bei ya kila nakala inashuka kadiri unavyoongeza idadi. Ile ndogo inahesabu kila ukurasa kwa bei ileile, uchape 10 au 100. Nakala za zamani zilimgharimu dola 2 na senti 20 kila moja. Hizi mpya zilimgharimu dola 3 na senti 40.

Sasa bei. Hapa tuliongozwa na mazoea ya soko: anayechukua vingi anapunguziwa, na hata mama wa nyanya pale soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, atakutilia mbasela juu ya fungu. Kitabu kimoja kiliuzwa dola 5, vinne ni 20, basi kasha tukaliweka dola 18. Hatukupiga hesabu hadi wiki ya pili ya kuuza. Vitabu vitatu kwa dola 2.20 ni 6.60, cha kwanza kipya 3.40, kasha lenyewe dola 2: jumla dola 12. Duka linakata asilimia 30, kwa hiyo katika dola 18 mwalimu anapokea 12.60. Faida ni senti 60. Vitabu vilevile vinne, bila kasha, dukani vingempa 14, utoe 10 za kuchapa, zibaki dola 4. Kwa maneno mengine, tulilipa fundi, tukabeba mizigo, tukapoteza dola 3 na senti 40 kwa kila kasha lililopita dukani, na kila mtu akatupongeza kwa kazi nzuri.

Katikati ya Desemba tulipandisha bei hadi dola 22. Hakuna aliyelalamika. Anayenunua zawadi halinganishi kasha na kitabu kimoja kimoja. Analinganisha na chupa ya manukato au na shati la mtoto.

Mwalimu alitaka bei ichapwe nyuma ya kasha, kwa franka, ili wauzaji wasipandishe. Nilikataa. Wakati ule dola moja ilikuwa karibu franka 2000, na mwisho wa 2023 ilikuwa imeshapita 2500. Lebo ndogo ya karatasi inabanduka, lakini namba iliyochapwa inabaki kukuaibisha.

Fundi tulimpata karibu na chuo kikuu, mmoja wa wale wanaofunga TFC na memwari, yaani kazi za kumalizia masomo, za wanafunzi kwa majalada magumu. Ni chaguo ambalo ningelirudia. Watu hawa wanajua kadibodi ya kijivu ya milimita 2, wanajua kuikata kwa kisu na rula ya chuma bila kuichana, na wana miezi ambayo wanafunzi hawaji kabisa. Tulikubaliana dola 2 kwa kila kasha, nusu mbele. Mwalimu aliomba kwanza tujaribu kulivika kasha kikwembe, yaani kitenge, vipande vinavyobaki kwa washonaji. Fundi alitengeneza matatu. Gundi ilipenya kwenye kitambaa ikaacha madoa, mpaka alipobandika karatasi nyembamba nyuma ya kikwembe na kukiacha kikauke kabla ya kukipaka. Matokeo yalipendeza sana, na kila moja lilikula karibu dakika 40. Kwa dola 2 asingeweza. Mwalimu alijiwekea moja, nami ninalo moja, tukarudi kwenye karatasi iliyochapwa.

Karatasi hiyo ilihitaji mchoro, na mchoraji wa majalada, ambaye ndugu zangu wengi wa kazi hii wangemruka tu, alisimama akadai malipo. Alikuwa sahihi. Alilipwa kwa majalada manne, hakulipwa kwa kasha, na nchini kwetu haki za mwandishi na msanii zinalindwa na sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Tulimaliza kwa dola 30 na karatasi moja yenye sahihi mbili.

Sasa nifike kwenye kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililoharibu zaidi.

Vitabu vinne pamoja vina kurasa 800, yaani karatasi 400. Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo karatasi peke yake ni milimita 40. Majalada, mbele na nyuma, yanaongeza mbili na kidogo. Nilivibana kwa kiganja, nikaweka rula: 43. Nikamwandikia fundi kwamba ndani ya kasha iwe 44. Kipimo kilikuwa sahihi, lakini nilikichukua mwezi Agosti.

Anayekaa Lubumbashi ameshaelewa. Mji uko juu, karibu mita 1,200, na kuanzia Mei hadi Septemba mvua ya maana hainyeshi. Hewa inakauka hadi midomo inapasuka, na vumbi jekundu linaingia hata kwenye sukari. Novemba mvua inashika, na haiachi hadi Machi au Aprili. Karatasi inakunywa unyevu wa hewa. Nyuzi zake zinavimba, na zinavimba upande wa unene kuliko upande wa urefu. Kwenye karatasi moja huoni kitu, lakini kwenye karatasi 400 zilizobanana unaona. Fundi alimaliza makasha 60 mwishoni mwa Oktoba. Tulipovitia vitabu viliingia kwa upole, vikibana kidogo, nikafurahi kama mtu aliyevaa kiatu kipya kinachomfaa. Katikati ya Desemba nilipima vitabu vilevile: milimita 45 na zaidi.

Wiki ya kwanza ya Januari simu zilianza. Mtoto amepewa zawadi, hawezi kutoa kitabu hata kimoja. Baba mmoja aligeuza kasha, akaligonga mezani kama chupa ya ketchup, kitako kikafunguka na vitabu vyote vinne vikadondoka. Makasha tisa yalikufa kwa namna hiyo, mengine mikononi mwa wateja, mengine mikononi mwangu nikijaribu kuonyesha kwamba yanafunguka.

Makasha 40 yaliyobaki tuliyatengeneza kwa kipimo cha 47, tukakata nusu duara kwenye kingo mbili za mdomo ili vidole vipate pa kushika, na tukabandika utepe wa kitambaa unaopita nyuma ya vitabu. Ukivuta utepe, vitabu vinatoka vyenyewe. Ni mambo ya kale, wafungaji vitabu wa zamani waliyajua. Lakini sasa tulikuwa tunatengeneza masika, na masika yana adabu yake. Karatasi iliyopakwa gundi ya maji inarefuka, ikikauka inajivuta, na kadibodi inapinda kufuata upande uliobandikwa. Dawa yake ni kubandika karatasi na upande wa ndani pia, ili pande mbili zivutane sawa, kisha kulaza vipande vya kadibodi chini ya uzito hadi vikauke kabisa. Septemba siku moja ilitosha. Januari tulihitaji siku nne, na vipande viwili vilivyotolewa mapema viliota ukungu.

Na kiangazi kikirudi, 47 inakuwa kubwa, vitabu vinalegea na kuinama. Hapo mwalimu mwenyewe ndiye aliyetoa akili. Aliandika kijitabu chembamba cha kurasa 32, ramani ya kijiji cha hadithi na maana ya maneno ya zamani, akakiweka pembeni ya vile vinne. Kinajaza pengo la kiangazi, na masika unakitoa. Wateja wanadhani ni zawadi.

Sasa kuhusu wanunuzi. Mwalimu anaandika kila mauzo kwenye daftari la shule, tabia ambayo ningependa kila mwandishi aige. Hadi mwisho wa Januari makasha kamili 41 yalikuwa yameuzwa. Katika hayo, 33 yalinunuliwa na mtu akimpa mtu mwingine: Noeli, Bonana, harusi mbili, shangazi wa Ulaya aliyetaka watoto wa ndugu zake wasome Kiswahili. Matano yalikwenda kwenye maktaba za shule na parokia. Watu walionunua kwa ajili ya kujisomea wao wenyewe ni watatu tu. Kasha halikumletea wasomaji wapya wa kujitafutia. Lilimletea watoa zawadi, na hao hawaendi duka la vitabu. Mauzo 29 kati ya 41 yalifanyika mkononi, kwa simu, shuleni na nje ya kanisa.

Kundi ambalo hatukulifikiria kabisa ni wasomaji wake wa zamani. Ndio waliompenda kwanza, na kasha liliwakera. Mama mmoja wa mwanafunzi, pale Katuba, aliligeuza mikononi akasema: "Niko na bibili. Juu ya nini nilipe bine?" Yaani anavyo viwili tayari, kwa nini alipe vinne? Mwalimu alianza kumweleza habari za punguzo. Mama akamkatiza: "Nipe tu nyumba, nitaijaza."

Mwalimu alimuuzia kasha tupu kwa dola 4. Siku ileile mama yule akanunua cha tatu na cha nne, kwa bei kamili, kwa sababu kasha lenye nafasi tupu linasumbua macho. Kuanzia Februari tulitangaza kwa WhatsApp kwamba kasha tupu linapatikana. Hadi mwisho wa Machi yaliuzwa makasha matupu 26, na walioyanunua walichukua pamoja nayo vitabu 37, karibu vyote vya tatu na vya nne. Ndivyo hasa vilivyokuwa vimejaa chumbani. Faida ya kasha tupu ni dola 2, ya kitabu kilichouzwa mkononi dola 2 na senti 80, na hakuna kitabu cha kwanza kilichohitaji kuchapwa upya. Ningekuwa ninaanza leo, ningeanza na hawa.

Nina mawili ya kuongeza, nayo ni ya karani zaidi. Vitabu vinne vilikuwa na ISBN zake, namba za kimataifa za kutambulisha vitabu, kasha halikuwa nayo. Kanuni ya ISBN ni kwamba vitabu vinavyouzwa kimoja kimoja kila kimoja kina namba yake, na seti ikiuzwa kama bidhaa moja nayo ipewe namba ya kwake. Tuliona ni urasimu wa Kinshasa, tukaruka. Duka moja lilipokea makasha sita, karani akatafuta namba, akaipata ya kitabu cha kwanza iliyokuwa ikionekana, akaingiza hiyo. Siku ya hesabu tulilipwa vitabu sita vya dola 5, baada ya makato dola 21, badala ya 75 na senti 60. Hakukuwa na ubaya wowote. Karatasi ya kupokelea mzigo ilionyesha ukweli na walilipa salio baada ya wiki tatu. Isingekuwepo karatasi hiyo, sijui ningesema nini.

La pili ni Kolwezi. Kasha lililojaa lina uzito wa kilo moja na robo hivi, na makampuni ya basi yanalibeba bila shida, wateja wakilipa kwa M-Pesa. Lakini barabara ni kilomita 300 na zaidi, na mzigo unalala chini ya mizigo. Makasha mawili ya kwanza yalifika pembe zimebonyea kama mkate uliokaliwa. Baada ya hapo kila kasha lilisafiri ndani ya boksi kubwa kidogo, lenye magazeti yaliyofinyangwa kwenye pembe nane. Nje huko, waandishi wengi wanaojichapishia wakisema wanauza kasha humaanisha faili moja la kusomea kwenye simu, lenye vitabu vitatu au vinne ndani yake. Halina pembe, halivimbi. Niliwaonea wivu kila nilipokuwa ninafinyanga magazeti.

Makasha kamili yalifika 52, matupu 26, tisa yalikufa, 13 yamebaki. Ukiniuliza mzizi wa shida zote hizi ulikuwa wapi, sitasema kwa fundi wala kwenye mvua. Ulikuwa 2017, siku kitabu cha kwanza kilipopelekwa chapa bila mtu kuandika kwenye karatasi moja: urefu ni huu, buluu ni hii, jina la mgongoni linapanda, karatasi ni ya gramu hizi. Karatasi hiyo ingegharimu nusu saa. Sasa imeandikwa, imebandikwa ndani ya kabati langu.

Juzi mwalimu amekuja tena na mfuko wa plastiki. Ndani yake kuna hati ya kitabu cha tano, kurasa 200 kwa makadirio yangu, yaani milimita 10 na kidogo zaidi. Nilimwambia kasha lina nafasi ya vinne, na watu 52 waliambiwa kwamba huo ndio mfululizo mzima. Nilimwomba kianze mfululizo mwingine. Akasema mtoto wa kwenye hadithi bado hajafika nyumbani, hawezi kumwacha njiani kwa ajili ya kadibodi. Hatujakubaliana. Makasha 13 yako chini ya kitanda changu, juu ya matofali, mbali na sakafu, na Novemba inakaribia.